Bembea Iliyoelekea Kirinyaga

Kila asubuhi, hata kabla ya chai, sauti ya Theuri ilitoka chumbani na swali lile lile.

"Umetoka?"

Hakuwa akiulizia jua. Mwanawe Ngatia alitoka nje miguu mitupu, akatazama juu ya ua wa miiba ya kayaba upande wa mashariki, kisha akarudi kusimama kando ya kitanda.

"Umetoka, Baba. Mzima mzima."

"Theluji imefika wapi?"

"Imeshuka kiasi."

"Kiasi ni mahali gani? Imefunika mabega, au imeshika meno ya juu peke yake?"

Ngatia alirudi nje kuangalia. Lakini mawingu ya mlima Kirinyaga hayana subira. Alipoyapata mabega kwa macho, meno yalikuwa yameshapotea. Aliporudi na jibu nusu, baba yake aligeuza uso ukutani.

"Haya. Kesho utaangalia vizuri."

Ilikuwa Januari ya mwaka 1970, na nyumba yao ilikaa kwenye mteremko mmoja juu ya Kiganjo. Theuri alikuwa amelala humo tangu msimu wa baridi, alipoteleza katikati ya miti ya kahawa iliyolowa akavunjika nyonga. Mfupa ulikuwa umeanza kuunga. Daktari alimwita Ngatia pembeni akamwambia kwamba mzee anaweza kulala popote na kugeuzwa upande wowote, ila asianguke. Akianguka tena, mfupa ule hautashikana, na mtu wa umri wake asipoinuka kitandani mapafu humshinda mapema.

Kabla ya hapo Theuri alikuwa mtu wa mlima. Kwa miaka mingi aliwabebea wapandaji mizigo kutoka Naro Moru, kupitia msitu wa mianzi, mpaka kwenye mawe na barafu. Nyumba hii aliijenga kwa mikono yake, akakosea jambo moja tu: dirisha la chumba cha kulala alilielekeza kwenye zizi la mbuzi. Siku zile mbuzi ndio waliokuwa wakiibwa. Hakuna aliyewahi kuiba mlima.

Ngatia alikuwa amerudi kutoka Makerere na shahada ya kilimo, na Alhamisi iliyofuata angekwenda Mwea kuanza kazi na wakulima wa mpunga. Miaka yote aliyokuwa masomoni alijiahidi kwamba atarudi na kitu cha kumpa baba yake. Sasa alikuwa amerudi, na kitu pekee ambacho baba yake alikitaka kilikuwa pale pale nyuma ya ua, kikubwa kuliko wilaya nzima, na hakuna aliyeweza kumfikishia.

Kitanda hakikutoka. Theuri alikipigilia kwenye nguzo alizozichimbia sakafuni. Kumlaza kwenye nyasi hakukufaa, kwa kuwa kiwanja kiliteremka na ua ukaficha kila kitu. Kukaa kitini hakuweza. Ni Theuri mwenyewe aliyepata njia, jioni moja, akiwa anakunywa uji.

"Iko ile bembea yangu," alisema.

"Bembea gani?"

"Ya turubai. Ina ubao kila upande wa kuitanua. Mzungu mmoja aliyekuwa akitafuta mimea aliniachia mwaka wa Uhuru, tuliposhuka. Tulikuwa tukilala mianzini, tumening'inia kama mizinga ya nyuki. Unafungua macho asubuhi, na mlima uko pale, umekuinamia." Akanywa funda moja. "Itafute kwenye dari ya ghala."

Aliipata. Turubai lilikuwa zima, na pete za shaba kwenye pindo zake zilikuwa bado ngumu, lakini kamba zote zilikuwa zimeliwa na panya. Alipoileta chumbani, baba yake aliipapasa kwa viganja viwili, akainusa, na macho yake yakawa ya kijana.

Mama yake, Wakonyo, alikuwa mlangoni akichagua maharagwe. Mikono yake ilisimama.

"Mtamlaza nje?"

"Ndiyo, Mama. Huko kuna hewa."

"Na baba yako amekubali?"

"Yeye ndiye aliyesema."

Wakonyo aliyatazama maharagwe kwa muda. "Basi kama amekubali," alisema. Kesho yake alifua koti la mumewe la kanisani na kulianika, akafagia nyumba nzima hadi kwenye pembe. Ngatia alidhani ni furaha.

*

Jumamosi alikwenda Nyeri mjini kumchukua Oloo. Walikuwa wamesoma pamoja Makerere. Oloo alikuwa mtu wa kando ya ziwa, mkubwa kama mlango wa ghala. Sasa alifundisha fizikia katika shule moja pale mjini, na alilalamikia baridi mwaka mzima.

"Hebu nieleze tena," Oloo alisema wakipanda barabara. "Unataka kumfunga baba yako mtini."

"Kati ya miti miwili."

"Kwetu mtoto akirudi na digrii humnunulia baba yake blanketi."

"Blanketi analo."

"Analo blanketi, sasa amekosa mti. Sawa. Twende."

Duka la vifaa vya chuma lilisimamiwa na mama mmoja kutoka Ukambani aliyeitwa Ndila.

"Tunataka kulabu na mnyororo," Ngatia alimwambia.

"Wa mbwa ama wa ng'ombe?"

"Wa mzee," Oloo alisema.

Ndila alimtazama juu mpaka chini. "Mzee amekosa nini?"

"Anapenda mlima kupita kiasi."

"Si mumwachilie aende?"

"Hawezi kutembea, Mama," Ngatia alisema, na akamweleza yote, kuhusu nyonga, dirisha na bembea. Alipomaliza, Ndila hakuwa akicheka tena. Alitoa kila alichokuwa nacho akakimwaga juu ya kaunta.

Kulikuwa na kulabu za bucha, zenye ncha. Hizo Ngatia alizisukuma kando mara moja. Kulikuwa na kamba ya mkonge, lakini panya walikuwa wameshatoa maoni yao kuhusu mkonge. Kulikuwa na kamba ya nailoni, nzuri, nyeupe, isiyooza.

"Hiyo huvutika mtu akilala muda mrefu," Oloo alisema, "na fundo lake huteleza. Mbona usitumie mpira wa tyubu? Nyinyi watu wa huku hufunga kila kitu kwa tyubu. Juzi nimeona kabati, godoro na jogoo juu ya baisikeli moja."

"Tyubu! Tungemlaza asubuhi juu, adhuhuri tumkute chini."

Mnyororo wa mbwa uling'aa kuliko vyote. Ngatia aliugeuza karibu na mwanga, akiangalia pete moja baada ya nyingine. Zilikuwa zimepindwa tu mpaka ncha zikagusana, hazikuchomewa. Alitia msumari ndani ya pete moja na kuusokota, na pete ikafungua mdomo.

"Ee! Unaharibu mali kabla ya kununua?" Ndila alisema.

"Nisamehe, Mama. Ni afadhali iharibikie hapa kuliko kule."

Ndila aliitazama ile pete iliyofunguka. Kisha aliinama chini ya kaunta akatoa mnyororo mwingine, mweusi, mzito, usio na urembo wowote, ambao watu wa misitu waliutumia kuburuta magogo. Kila pete ilikuwa na kovu la moto mahali ilipochomewa. Ngatia aliusokota kwa msumari mpaka mkono ukamuuma. Haukufunguka.

Kilibaki cha kuunganisha mnyororo na bembea. Ngatia alichagua kulabu zenye umbo la herufi S, nene kama kidole gumba.

"Hizi zina mdomo wazi," Oloo alisema.

"Ndio uzuri wake. Mimi nitakuwa Mwea. Mvua ikija ghafla, Mama anaweza kuitoa bembea peke yake."

"Mimi ningechukua hivi." Oloo aliinua kifungo cha chuma chenye umbo la kiatu cha farasi, ambacho mdomo wake hufungwa kwa bolti. Vifungo hivyo vilikuwa vya kuvutia trela.

"Hivyo vinahitaji spana."

"Chukueni vyote," Ndila alisema. "Msipovitumia mtanirudishia. Na mumsalimie huyo mzee. Mwambieni hata mimi naupenda, ingawa si wetu."

*

Kazi ilianza mchana ule ule. Mti wa kwanza ulikuwa mukima mkubwa uliokuwa umepandwa kuipa mikahawa kivuli, na Ngatia aliuamini. Wa pili ulikuwa muwati uliosimama mahali panapofaa kabisa. Oloo aliuegemea ili avute pumzi, na mti ukalia *kwaa* kutoka mizizini.

"Ngatia. Mti huu una gome?"

Haukuwa nalo. Mama yake aliliambua mwaka uliopita kwa ajili ya wanunuzi wa magome, na mti ukakauka ukiwa wima, kama watu wote wa sehemu ile wanavyoiacha miwati yao mpaka wakati wa kuni. Ngatia alikuwa akiuona kila siku, na kwa kuwa ulisimama, akauhesabu kuwa mti.

"Shahada ya kilimo," Oloo alisema, akijipangusa koti. "Mungu awasaidie watu wa Mwea."

Badala yake walichimbia nguzo ya mwerezi iliyobaki wakati wa kujenga zizi. Walichimba mpaka shimo likamfika Oloo kiunoni, wakashindilia mawe na udongo kwa mchi. Waliufunga mnyororo kwenye mukima upande huu na kwenye nguzo upande ule, wakatia kulabu, na Ngatia akavuta kila kitu mpaka bembea ikanyooka kama kitanda.

"Hapana," Oloo alisema. "Ukiinyoosha kama kamba ya kuanikia nguo, uzito wa mtu mmoja unakuwa uzito wa watu kadhaa. Ilegeze. Ipe tumbo."

"Atalala amepinda."

"Atalala mshazari, kutoka pembe hii hadi ile. Mgongo utanyooka. Ngoja nikuonyeshe."

Waliilegeza. Oloo alivua viatu, akakaa, akalala, akafumba macho. "Baba yako ana akili sana," alisema. Akajibembeza. Kisha, kwa kuwa kazi yao ilikuwa kujaribu, alijirusha kidogo, halafu akajirusha tena kwa nguvu.

Kulabu ya upande wa kichwa ilifunguka polepole, kama kidole kinachonyooshwa, na Oloo akafika chini kwa kishindo kilichowatawanya kuku.

"Niko hai," alisema kutoka kwenye nyasi, akitazama mbingu. "Sisikii upande mmoja wa makalio, lakini niko hai."

Ngatia hakucheka. Aliokota ile kulabu. Ilikuwa imenyooka karibu kama msumari. Alikuwa ameichagua kwa upendo kabisa, akimfikiria mama yake na mvua, na upendo ule haukuongeza unene wa chuma hata kidogo. Aliona nyonga ya baba yake ikigonga chini. Alizikusanya kulabu zote za S, akaenda nazo chooni, na Oloo akasikia zikitumbukia moja moja.

"Si ungezirudisha dukani?" Oloo alimuuliza aliporudi.

"Kuna mtu angezinunua."

Walitia vile vifungo vya trela na kukaza bolti kwa spana. Walilala wote wawili, vichwa pande mbili, wakabishana na kurushana. Kisha wakajaza bembea mawe na kuyaacha humo usiku kucha. Asubuhi ya Jumapili mnyororo ulikuwa vile vile, na nguzo haikuwa imeinama hata unene wa kucha.

Ngatia alikuwa ameining'iniza chini, usawa wa magoti, ili hata likitokea la kutokea, njia ya kuanguka iwe fupi. Lakini alipoyatoa mawe akalala mwenyewe, aliona ua tu. Alichukua panga, akakata dirisha kwenye kayaba, kubwa kiasi cha mlango wa ghala. Mama yake ndiye aliyeupanda ule ua, mche kwa mche. Alisimama jikoni akimtazama akiukata. Nyuma ya lile tundu ilionekana njia ya watu wa kwenda kanisani, na nyuma ya njia, mbali, Kirinyaga.

*

Walimbeba baada ya ibada. Wakonyo alikuwa amemvalisha koti lililofuliwa na kumchana nywele. Walimlaza juu ya blanketi, Ngatia akashika upande wa mabega na Oloo upande wa miguu. Kwa kuwa chumba kilikuwa chembamba na Oloo ndiye aliyekuwa karibu na mlango, walitoka miguu ikiwa mbele.

Theuri alikuwa akitabasamu mpaka walipofika mlangoni. Mwanga ulimpiga usoni. Kwenye lile tundu la ua alisimama jirani yao Watiri, na Biblia mkononi, ametokea kanisani.

"Wakonyo!" Watiri aliita, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshika kifua. "Mmeshamtoa?"

Mkono wa Theuri uliruka ukashika mwimo wa mlango. Mwili wake wote ulikakamaa.

"Nirudisheni."

"Baba, ni hatua chache tu…"

"Ngatia! Nirudishe ndani!"

Walimrudisha. Alilala kitandani akipumua kama mtu aliyekimbia, na hakuutazama uso wa mwanawe.

"Nimekuumiza?" Ngatia aliuliza. "Ni nyonga?"

"Jina lako ni nani?"

"Baba…"

"Jina lako."

"Ngatia."

"Unajua Ngatia alifia wapi?"

Alijua kwamba alipewa jina la babu yake, baba wa baba yake, kama mwana wa kwanza wa kila nyumba. Zaidi ya hapo hakujua.

"Alifia nje," Theuri alisema. "Kando ya kichaka, na moto umewashwa karibu naye. Zamani mtu hakuachwa afie ndani. Nyumba ingepata unajisi, ingebidi iachwe. Akionekana anakwenda, alitolewa angali anapumua. Mimi ndiye niliyemshika mabega. Nilikuwa kijana kama wewe. Alinitazama njia nzima, na hakuuliza kitu, kwa sababu alijua. Hakuna aliyetolewa akarudishwa." Alijivutia blanketi. "Nilipopata mwana nikamwita Ngatia, ili arudi. Leo Ngatia amerudi, amenishika mabega."

"Lakini Baba, wewe mwenyewe uliitaka bembea."

"Hata sasa naitaka. Nilipokuwa hapa niliwaza mlima peke yake. Sikuuwaza mlango."

Ngatia alimgeukia mama yake. Wakonyo alikuwa amesimama ameshika ncha ya kanga yake.

"Nilidhani mmekubaliana," alisema kwa sauti ndogo. "Nilidhani daktari alikwambia kitu, nanyi mkaamua kunificha. Ndiyo maana nikalifua koti."

*

Ngatia alikwenda kukaa chini ya mukima. Siku zote zile alikuwa amepima chuma, akapima mti, akapima hata uzito wa Oloo, wakati mama yake alikuwa akimwandaa mumewe kwa kifo, kimya kimya, mbele ya macho yake. Alimweleza Oloo mambo yaliyosemwa kwa Kikikuyu. Oloo aliigeuzageuza spana mikononi.

"Alhamisi unaondoka," alisema mwishowe.

"Alhamisi naondoka."

Mlima ulikuwa umeshafunikwa. Bembea iliyumba tupu. Ngatia alifikiri kwamba angeitoa jioni, airudishe ghalani, na vifungo avirudishe kwa Ndila. Aliona jinsi kila asubuhi baba yake angemuuliza mama yake lile swali, na jinsi mama yake, ambaye macho yake hayakuona mbali, angejibu chochote ili amridhishe.

Wakonyo alitoka ndani. Alikuja moja kwa moja, akasimama mbele ya bembea kama mtu anayepima ng'ombe wa kununua.

"Hii inashika kweli?"

"Ilitushika sisi wawili, Mama."

"Basi nishikie."

Ngatia hakuelewa mpaka mama yake alipogeuka na kukaa. Hakuwa amewahi kumwona mama yake akilala mchana, hata alipokuwa mgonjwa. Wakonyo aliinua mguu mmoja, kiatu kikadondoka. Akainua wa pili, bembea ikayumba, akapiga yowe, akaanguka chali katikati ya turubai na kitambaa kikamfunika macho. Kisha akaanza kucheka. Alicheka kwa tumbo, akishika pindo kwa mikono miwili, na kadiri alivyocheka ndivyo bembea ilivyozidi kwenda.

"Watiri!" alipaza sauti kupitia tundu la ua. "Watiri, bado uko hapo? Njoo umwone aliyetolewa!"

Watiri, ambaye bila shaka alikuwa bado yuko hapo, alichungulia. "Wakonyo! Mwanamke mzima! Na leo Jumapili!"

"Njoo upande. Kuna nafasi ya wenye dhambi wawili!"

"Mimi? Nikivunja hiyo kamba utanilipisha mbuzi!"

"Si kamba, ni mnyororo wa magogo. Hata wewe huwezi kuushinda!"

Ngatia alisikia jina lake likiitwa kutoka ndani. Alikimbia.

"Nani anacheka hivyo?" Theuri aliuliza.

"Ni Mama."

"Anacheka nini?"

"Amelala kwenye bembea yako. Hataki kushuka."

Theuri alisikiliza. Kicheko kilikuja tena, kikapanda, kikakatika, kikaanza upya. Uso wake ulibadilika kidogo kidogo, jinsi ardhi inavyobadilika maji yakiifikia.

"Huyo akizoea kitu hakiachii," alisema. Akapapasa blanketi. "Mwite rafiki yako. Safari hii kichwa mbele."

"Ndiyo, Baba."

"Na utanirudisha. Si kesho. Leo, kabla jua halijazama. Niahidi kwa jina lako."

"Naahidi."

"Kwa jina lako, nimesema."

Ngatia alipiga goti kando ya kitanda. "Mimi Ngatia nitakutoa, na mimi Ngatia nitakurudisha."

*

Walihangaika kumgeuza chumbani, Oloo akipiga kichwa kwenye dari mara mbili na kuomba radhi kwa dari. Walitoka kichwa mbele. Mlangoni Theuri alifumba macho, akayafungua walipofika kwenye nyasi.

Wakonyo alikuwa ameshashuka na kuingia jikoni. Alirudi na mukwa wake, ule mkanda mpana wa ngozi ambao wanawake hubebea kuni kwa kuuvika kwenye paji la uso.

"Mnyororo wenu unakula mti," alisema.

"Mama, ngozi ikilowa huvutika. Haiwezi kumshika mtu."

"Nani amesema imshike mtu? Nimesema ishike mti." Akauingiza mwenyewe kati ya mnyororo na gome la mukima, na mnyororo ukatulia juu ya ngozi.

Walimlaza mshazari, taratibu. Mnyororo ulikaza, ukalia kidogo, ukanyamaza. Theuri alitulia bila kujitikisa, kama mtu anayesikiliza kama mlango umefungwa. Halafu aligusa kifungo kilicho karibu na kichwa chake, akajaribu kuizungusha bolti kwa vidole, isizunguke.

"Nani alichagua hiki?"

"Oloo," Ngatia alisema. "Mimi nilichagua kingine, kikamwangusha."

"Nilijitolea, Mzee," Oloo alisema.

Theuri alicheka, kicheko kifupi. Lakini kule mbele, ndani ya dirisha la kayaba, hapakuwa na mlima. Palikuwa na wingu tu, jeupe, zito, kutoka juu mpaka kwenye misitu.

Walingoja. Watiri alileta chai. Upepo ulitoka mikahawani, ukaisukuma bembea bila mtu kuigusa, na Theuri akasimulia kuhusu msitu wa mianzi, jinsi unavyolia usiku na jinsi tembo anavyopita bila kuvunja hata kijiti. Oloo alisema kwamba atakuwa akija Jumapili, kwa kuwa mwalimu hana kazi Jumapili, na Watiri akasema kwamba wanawe wawili wana mikono na wanakula bure. Ngatia alisikia yote hayo na kushukuru, lakini macho yake hayakubanduka kwenye wingu. Aliliomba liondoke. Aliomba kama alivyokuwa akiomba utotoni, akimpa Mungu sababu. Wingu lilibadilika rangi, likawa la kijivu, kisha la waridi upande wa chini, na halikuondoka.

Vivuli vya mikahawa vilirefuka. Wakonyo alisimama, akajifunga kanga.

"Jua linakwenda. Mrudisheni mume wangu, baridi inaingia."

Ngatia alitia mikono chini ya mabega ya baba yake, Oloo akashika miguu, na Wakonyo akatia kiganja chake chini ya nyonga. Walimwinua kutoka kwenye turubai. Alikuwa mwepesi kuliko asubuhi, au Ngatia alikuwa ameacha kuogopa.

"Ngojeni," Theuri alisema.

Mbali sana, wingu lilikuwa limepasuka chini, ufa mmoja mwembamba, na ndani yake palikuwa na kitu cheusi chenye ukingo wa mwanga.

"Baba, jua linazama. Nimeahidi."

"Uliahidi kunirudisha. Hukuahidi kukimbia."

Ufa ulipanuka. Jua la upande wa magharibi, kule Aberdare, liliingia humo, likagusa barafu, na barafu ikawaka. Ngatia alisikia moyo wa baba yake ukipiga kwenye mkono wake, kupitia lile koti la kanisani, na akafikiri juu ya Alhamisi, na mashamba ya mpunga, na jinsi huko Mwea mlima huu unavyoonekana kutoka upande mwingine.

"Mzee," Oloo alinong'ona, "mikono yangu ni ya mwalimu. Mwambie huyo mlima wenu afanye haraka."

"Bado," Theuri alisema.

"Theuri, baridi," Wakonyo alisema, lakini kiganja chake hakikuondoka chini ya nyonga, naye pia alikuwa ametazama huko huko.

"Bado kidogo."

Wakasimama hapo wote, wamembeba.